Kusoma picha kutoka kwenye memori kwa kolibeki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika C au C++ na kutumia libpng, libjpeg (pamoja na libjpeg-turbo) au stb_image. SDL, maktaba ya michezo na midia, inatajwa inapobidi. Maswali ni yale yanayorudi kila mtu anapoachana na `fopen` na kuanza kusoma picha zilizofungwa ndani ya programu, ndani ya zip, au zinazoingia kwa mtandao.

## Mambo ya msingi

1. Kolibeki ni nini, na maktaba ya picha inaitakia nini?

Ni fanksheni unayoiandika wewe lakini inayoitwa na maktaba. Mwanzoni unaikabidhi maktaba pointa ya fanksheni hiyo, na kila inapotaka baiti inaiita: nipe 8, nipe 13, nipe elfu nane. Ni kama fundi aliye juu ya jukwaa anayeomba matofali. Yametoka kwenye lori au kwa jirani, hilo si shauri lake. Anachotaka ni yafike, na yawe idadi aliyoomba.

Ndiyo maana maktaba ile ile inaweza kusoma kutoka diski, memori, soketi au faili lililosimbwa bila kubadilishwa hata mstari mmoja ndani yake.

2. Baiti zangu zote tayari ziko kwenye memori. Kweli nahitaji kolibeki?

Mara nyingi huhitaji, na ningekushauri usijitwishe mzigo usio wako. stb_image ina `stbi_load_from_memory`. libjpeg ina `jpeg_mem_src` tangu toleo la 8, na libjpeg-turbo inayo pia. Matoleo ya kabla ya hapo, kama ile 6b ya 1998, hayana. SDL2 ina `SDL_RWFromConstMem`, na SDL3 ina `SDL_IOFromConstMem`. Zote hizi zinafanya ndani kile ambacho ungekiandika mwenyewe, na zimeshajaribiwa na watu wengi.

libpng ndiyo inayowasumbua watu. Njia yake ya zamani, ile inayoanza na `png_create_read_struct`, inajua `FILE *` au kolibeki tu. Tangu toleo la 1.6 (2013) kuna njia fupi, `png_image_begin_read_from_memory`, inayokupa picha nzima kwa mkupuo mmoja. Inatosha kwa kazi nyingi. Ukitaka kusoma mstari mmoja mmoja, au kushika mwenyewe kila badiliko la paleti na gama, rudi kwenye kolibeki (swali la 5).

Kolibeki inakuwa ya lazima pale baiti zisipokuwa pamoja: zimegawanyika katika bafa kadhaa, zinafumbuliwa kidogo kidogo kutoka kwenye zip, au bado ziko njiani.

3. Ile pointa ya `void *` inayoambatana na kolibeki ni ya nini?

Ni mahali pa kuweka hali ya usomaji wako: bafa iko wapi, ina urefu gani, umefika wapi. Maktaba haiigusi, inakurudishia tu kila inapokuita. Kwa libpng unaichukua kwa `png_get_io_ptr`, kwa stb_image inakuja kama hoja ya kwanza iitwayo `user`. libjpeg kwa chanzo cha data haina pointa ya namna hiyo. Watu hutengeneza strakti yao ambayo kitu cha kwanza ndani yake ni `jpeg_source_mgr`, kisha wanabadilisha aina ya pointa `cinfo->src`.

Usiweke hali hiyo kwenye vigeu vya globali. Itafanya kazi hadi siku utakapofumbua picha mbili kwa wakati mmoja kwenye thredi mbili, na hapo kila picha itakula baiti za mwenzake. Ukimpa kila msomaji strakti yake na kitu chake cha maktaba, thredi hazikusumbui.

4. Nitajuaje aina ya picha wakati sina jina la faili?

Tazama baiti za mwanzo. PNG huanza na baiti 8: 137 80 78 71 13 10 26 10. JPEG huanza na FF D8 FF. GIF huanza na herufi GIF87a au GIF89a, BMP na BM, na WebP ina RIFF, kisha baiti 4 za ukubwa, kisha WEBP. TGA haina alama yoyote mwanzoni, ndiyo sababu stb_image huijaribu mwisho kabisa baada ya nyingine zote kukataa.

Kumbuka kwamba kutazama si kusoma. Ukitumia kolibeki yako yenyewe kuchungulia, umeshasogeza mahali pa kusomea. Rudisha `mahali` (kigeu cha swali la 5 kinachoshika umefika wapi) kuwa sifuri kabla ya kuendelea, au soma swali la 6. Hali ni hiyo hiyo ukiita `stbi_info_from_callbacks` kupata vipimo: ukiingia moja kwa moja kwenye `stbi_load_from_callbacks` bila kurudi mwanzo, utaambiwa aina ya picha haijulikani.

## libpng

5. Nionyeshe kolibeki fupi inayofanya kazi.

```c
typedef struct {
    const unsigned char *baiti;
    size_t urefu;
    size_t mahali;
} Chanzo;

static void soma_png(png_structp png, png_bytep kapu, size_t idadi)
{
    Chanzo *c = png_get_io_ptr(png);
    if (idadi > c->urefu - c->mahali)
        png_error(png, "data imeisha mapema");
    memcpy(kapu, c->baiti + c->mahali, idadi);
    c->mahali += idadi;
}
```

Unaisajili kwa `png_set_read_fn(png, &chanzo, soma_png)` badala ya `png_init_io`.

Angalia ule mstari wa `if`. Wengi huandika `c->mahali + idadi > c->urefu`, na kwa kawaida matokeo ni yale yale. Lakini faili bovu likiomba idadi kubwa mno, kujumlisha kunaweza kufurika na kurudi kwenye namba ndogo, ukaguzi ukapita, na `memcpy` ikasoma memori isiyo yako. Kutoa hakufuriki maadamu `mahali` haijawahi kuzidi `urefu`.

Angalia pia kwamba fanksheni inarudisha `void`. Huna namna ya kusema "nimepata nusu". Ama unajaza `idadi` yote, ama unaita `png_error`, na `png_error` hairudi.

6. Napata «Not a PNG file» au «PNG file corrupted by ASCII conversion», na picha ni nzima.

Ujumbe wa kwanza kwa kawaida una maana kwamba umeshasoma zile baiti 8 mwenyewe ili kuhakiki kwa `png_sig_cmp`, halafu libpng inazitafuta tena na kukuta baiti nyingine. Ama rudisha `mahali` kuwa sifuri, ama iambie kwa `png_set_sig_bytes(png, 8)`. Fanya moja tu. Ukifanya yote mawili utaharibu upande wa pili.

Ujumbe wa pili unasema ukweli mtupu. Baiti 4 za mwanzo ziko sawa, za pili zimebadilika. Mara nyingi kuna mtu aliyejaza bafa kwa kufungua faili kwa "r" badala ya "rb" kwenye Windows, na jozi ya 13 10 ikageuzwa kuwa 10 peke yake. Alama ya PNG iliundwa makusudi ili ugonjwa huu uonekane mapema: ina 13 10 pamoja, ina 10 iliyo peke yake, na ina 26, ambayo kwenye DOS ilikuwa alama ya mwisho wa faili la maandishi. Tatizo basi haliko kwenye kolibeki, liko kwa aliyejaza bafa.

7. `setjmp` inahusikaje hapa?

`png_error` ikiitwa, ndani ya kolibeki yako au kwingine, udhibiti unaruka kwa `longjmp` hadi pale ulipoandika `if (setjmp(png_jmpbuf(png)))`. Chochote ulichoomba kwa `malloc` katikati hakitajiachia chenyewe. Ukiachie kwenye tawi hilo.

Mtego uko kwenye vigeu vya ndani. Ukitangaza `png_bytep *mistari = NULL;` kabla ya `setjmp`, ukaipa thamani baadaye, kisha `longjmp` ikatokea, lugha ya C haikuahidi kwamba utaiona thamani mpya, isipokuwa kigeu chenyewe kiwe `volatile`. Kompaila ikiwashwa `-O2` hukiweka kwenye rejista, na `free` yako inapewa takataka. Dawa ninayoipenda ni kuweka pointa zote ndani ya strakti inayomilikiwa na fanksheni iliyoita, na kuacha `setjmp` kwenye fanksheni ya ndani isiyo na kigeu chake kinachobadilika.

8. Baiti zinakuja kwa mtandao vipande vipande. Kolibeki ya swali la 5 isubiri?

Inaweza kusubiri ikiwa una thredi ya kupoteza. Vinginevyo geuza mwelekeo. `png_set_progressive_read_fn` inachukua kolibeki tatu: moja inaitwa habari za picha zinapokamilika, moja kila mstari unapopatikana, na moja mwishoni. Wewe unasukuma kila kipande kilichofika kwa `png_process_data`, hata kama ni baiti moja. Ndani ya kolibeki ya habari ndipo unapoomba mabadiliko ya rangi na kuita `png_start_read_image`. Kwa picha zilizosukwa kwa Adam7 (njia ya PNG ya kuleta picha kwa awamu saba), mstari mmoja utaletwa zaidi ya mara moja, na `png_progressive_combine_row` ndiyo inayounganisha.

## Baiti zinapoisha

9. Mbona kolibeki iliyofanya kazi kwa maktaba moja inaharibu picha kwenye nyingine?

Kwa sababu kila maktaba ina mapatano yake kuhusu upungufu, na hapa ndipo sehemu kubwa ya hitilafu zinapozaliwa. Kunakili bafa ni kazi rahisi; linaloleta taabu ni jibu lako kwa swali "na baiti zikiwa hazitoshi?"

libpng inasema: nipe zote au paza sauti kwa `png_error`. Ukirudi kimya baada ya kunakili nusu, itadhani kapu limejaa, na itaendelea na takataka zilizokuwemo. Ukibahatika, hesabu ya CRC (namba ya kuhakiki) ya kipande itagundua.

stb_image inasema: niambie umesoma ngapi. `read` inarudisha idadi halisi, na kuna `eof` ya kuulizwa kama umefika mwisho. Lakini ina jambo lake la pembeni; tazama swali la 12.

libjpeg haikuombi idadi yoyote. Inakwambia: bafa imekwisha, nipe nyingine, kubwa au ndogo upendavyo, au sema huna kwa sasa.

Anayebeba kolibeki ya stb_image na kuipeleka libpng bila kubadilisha kitu, kompaila itamkatalia au angalau kumwonya kwa sababu hoja zinatofautiana. Anayeandika upya huku mapatano ya zamani bado yako kichwani, hakuna atakayemwonya. Kipimo chake ni rahisi: chukua picha moja ndogo, uikate kwa kila urefu kuanzia 0 hadi baiti moja kabla ya mwisho, na uifumbue kila mara, programu ikiwa imejengwa kwa `-fsanitize=address`. Kila mkato lazima uishie kwenye kosa la heshima au picha pungufu, kamwe si kusoma nje ya bafa.

10. Kwa nini libjpeg inataka fanksheni tano?

`jpeg_source_mgr` ina vitu viwili vya data, `next_input_byte` na `bytes_in_buffer`, na fanksheni tano. `init_source` na `term_source` zinaweza kuwa tupu. `resync_to_restart` ipe ile ya maktaba yenyewe, `jpeg_resync_to_restart`. Zinabaki mbili zenye kazi.

`fill_input_buffer`, ikiwa uliipa bafa nzima tangu mwanzo, ikiitwa maana yake picha imekatika. Desturi ni kuielekeza kwenye baiti mbili za kubandika, FF D9, ambazo ni alama ya mwisho wa JPEG, na kurudisha TRUE. Mtumiaji anapata sehemu ya juu ya picha na chini kijivu, jambo ambalo kwa picha zilizopakuliwa nusu ni bora kuliko kukosa vyote.

`skip_input_data` inapewa `long` inayoweza kuzidi baiti ulizobakiwa nazo. Ukiandika `bytes_in_buffer -= n` bila kuuliza, na kwa kuwa `size_t` haina hasi, utajikuta una "baiti" mabilioni. Linganisha kwanza. Namba ikiwa sifuri au hasi, usifanye kitu.

Usitegemee `term_source` kufanya usafi: haiitwi ukitumia `jpeg_abort` au `jpeg_destroy`.

11. Programu yangu inajifunga yenyewe na kuacha «Not a JPEG file: starts with 0x89 0x50».

Mawili kwa pamoja. La kwanza, 0x89 0x50 ni mwanzo wa PNG. Mtu amebadilisha jina la faili akidhani amebadilisha aina yake (swali la 4). La pili, na ndilo zito zaidi, `error_exit` ya kawaida ya libjpeg huita `exit()`. Kwa programu ndogo ya kwenye komandi ni sawa. Kwa seva inayohudumia watu wengi, picha moja mbovu inawaangusha wote. Badilisha `error_exit` na yako inayofanya `longjmp`, kwa tahadhari zile zile za swali la 7.

12. stb_image inakataa picha nzima inapotoka kwenye soketi, lakini faili lile lile kutoka diski linakubali.

Soketi hurudisha kilichopo, si ulichoomba. Maelezo ya stb_image yanasema `read` irudishe idadi iliyosomwa, nawe umefanya hivyo kwa uaminifu. Shida ni kwamba ndani yake kuna njia mbili za kusoma. Inapojaza bafa yake ndogo ya baiti 128, kupungukiwa hakudhuru. Inapoomba furushi kubwa moja kwa moja, kama vipande vya IDAT vya PNG (vinavyobeba data ya picha), inalinganisha idadi uliyorudisha na iliyoomba. Zisipolingana, inahesabu kwamba data imekwisha. Basi zungusha `recv` ndani ya kolibeki hadi ujaze kiasi kilichoombwa au mkondo ufungwe kweli.

13. Naweza kuisimamisha libjpeg katikati na kuendelea baadaye?

Ndiyo. `fill_input_buffer` irudishe FALSE. Hapo `jpeg_read_header` itakupa `JPEG_SUSPENDED`, na `jpeg_read_scanlines` itarudisha mistari 0. Baiti zilipoongezeka, unaita tena fanksheni ile ile. Sharti moja: baiti zilizobaki kuanzia `next_input_byte` hazijatumika bado, hivyo zisogeze mwanzo wa bafa na uongeze mpya nyuma yake. Wanaozitupa wanapata picha inayoanza vizuri na kuchafuka katikati.

## Memori na usalama

14. Lini naweza kuachia bafa ya data iliyobanwa?

Ufumbuaji ukishakwisha kabisa, si kabla. `SDL_RWFromConstMem` na `jpeg_mem_src` hazinakili data. Zinashika pointa yako tu. Pikseli zinazotoka stb_image ziachie kwa `stbi_image_free`, kwa sababu maktaba inaweza kuwa imejengwa na `malloc` isiyo yako.

15. Picha ya megabaiti chache inakula memori kiasi gani?

Ukubwa wa faili haukwambii kitu. Picha ya 4000 × 3000 kwa RGBA (baiti 4 kwa kila pikseli) ni baiti 48,000,000, iwe faili lilikuwa dogo au kubwa.

libpng kwa kawaida inakubali hadi 1,000,000 kwa upana na 1,000,000 kwa urefu, na anayeomba memori ya pikseli ni wewe. Mtu akikutumia PNG inayodai 100,000 × 100,000, inahitaji baiti bilioni 40. Ukizidisha kwa namba za biti 32, jibu linajizungusha na kuwa 1,345,294,336. `malloc` inakubali, na mistari inaandikwa nje ya bafa. Zidisha kwa `size_t` ya biti 64, na weka ukomo wako kwa `png_set_user_limits` kabla ya kusoma. stb_image ina `STBI_MAX_DIMENSIONS`, ambayo ni 16,777,216 usipoigusa, iguse.

16. Picha inatokea kichwa chini, au nyuso za watu ni za buluu.

Hilo halihusiani na kolibeki. OpenGL huhesabu mistari kutoka chini, tumia `stbi_set_flip_vertically_on_load`. Buluu ni RGB iliyosomwa kama BGR, kawaida pale OpenCV au BMP inapohusika.

17. Kwenye C++, naweza kutumia fanksheni ya klasi, na kurusha eksepsheni ndani yake?

Fanksheni ya klasi, ndiyo, ikiwa ni `static`. `this` ipitishe kwa pointa ya swali la 3. Eksepsheni, hapana. Itapita katikati ya msimbo wa C usiojua habari zake. Ikamate ndani ya kolibeki, iweke kwenye strakti yako, kisha ripoti kosa kwa desturi ya maktaba husika. Baada ya kutoka upande wa C unaweza kuirusha upya.

Na usisahau upande wa pili: `longjmp` ikiruka juu ya `std::vector` au `std::string`, destrakta haziitwi, na C++ haikuhakikishii lolote baada ya hapo.

18. Bafa moja ina picha kadhaa zilizofuatana. Nitajuaje ya pili inaanzia wapi?

Inategemea maktaba. libpng haiombi baiti hata moja zaidi ya inazohitaji, hivyo baada ya `png_read_end` ile `mahali` yako inasimama hasa baada ya IEND, kipande cha mwisho cha PNG. libjpeg ikimaliza kwa `jpeg_finish_decompress`, `next_input_byte` inaelekea kwenye baiti inayofuata FF D9. Hivi ndivyo mikondo ya MJPEG (video ya picha za JPEG zilizofuatana) inavyosomwa fremu baada ya fremu. stb_image huvuta baiti 128 kwa mkupuo kwenye bafa yake, kwa hiyo `mahali` itakuwa imeshavuka na huna namna ya kuiuliza imetumia ngapi. Kwa stb_image, tafuta mipaka mwenyewe kwanza, kisha mpe kila picha kipande chake kwa `stbi_load_from_memory`.